Kungojea Kababu ya Moto

Jumanne, 1 Machi 1955

Skonzi baridi tena! Kababu iliyo ndani ni ya asubuhi, mafuta yameganda meupe, kitunguu kimenyauka. Nimekula nikisimama nyuma ya hoteli ya Warsame, hapa Makutano, kando ya mtaro wa maji machafu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nikamwona mke wake, Dhahabo, akikanda nyama mbichi na dania, akaitia kwenye kikaango — chwaa! — na skonzi akaipasha juu ya makaa. Hiyo ni ya dereva wa lori, aliyekaa ndani kwa raha zake. Bei ni ile ile. Ile ile!

Alhamisi, 3 Machi

Leo nimerudisha. Nimemwambia Warsame, mzee, hii sitaki, nikaangie nyingine. Akaniangalia kama nimemtukana. Ati hawezi, binti, ni amri ya inspekta wa polisi. Sisi wa pasibuku, hicho kitabu cha kibali cha hali ya hatari, Waembu kwa Wameru, tununue dirishani tuondoke. Tusingoje. Tukisimama watano tukingoja, huo ni mkutano, na hoteli inafungwa. Ndiyo sababu za kwetu hupikwa alfajiri.

Kumbe kungoja chakula ni siasa! Sikujua. Nimeiacha skonzi yao pale dirishani, nikarudi kazini wodini na njaa yangu.

Jumapili, 6 Machi

Igoki amenigombeza tangu tutoke kanisani. Ni nesi mwenzangu, chumba kimoja, na hanitakii mabaya. Anasema nikizidi kuleta maneno pale hotelini nitanyang'anywa pasibuku. Pasibuku ikienda, kazi imekwenda, na mimi nitarudishwa Embu, kwenye kijiji cha handaki walikofungiwa watu wetu, nikachimbe hilo handaki na mama. Kwa skonzi, Nelius? Una akili wewe?

Si kwa skonzi! Nyumba ya mama ilichomwa na askari, nikanyamaza. Mbuzi wakachukuliwa, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka najichukia. Hili jambo ni dogo, ndiyo, na ndiyo sababu siliachi. Ni dogo kiasi cha mimi kuliweza.

Jumatano, 9 Machi

Dhahabo kaja hospitali! Mafuta yamemrukia mkono, malengelenge hadi kiwikoni. Amekaa kwenye benchi akangoja zamu yake saa nzima pamoja na watu kumi na wawili. Nimewahesabu makusudi. Hakuna aliyesema huo ni mkutano.

Nimemsafisha polepole, nikamfunga bandeji mpya. Akauliza anipe nini. Nikamwambia, mama, nikaangie moja, na mimi nimekaa ndani. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema woga ni wa mume wake, kikaango ni chake yeye mwenyewe. Nije Jumamosi, saa saba.

Ijumaa, 11 Machi

Igoki hasemi na mimi. Nimefua gauni la bluu.

Jumamosi, 12 Machi

Naandika hapa hapa hotelini, kwa penseli. Nimekaa! Meza ya pili, karibu na jiko. Dhahabo anakanda kwa mkono mmoja, ule wa bandeji ameuweka kando. Dania, pilipili, kitunguu kinachotoa machozi. Warsame anafuta meza moja tu, tena na tena, macho yakiwa barabarani.

Sasa iko kikaangoni. Ngai, Mungu wangu, harufu yake!

Gari la polisi limesimama nje. Warsame ameniambia kwa sauti ya chini, binti, pita jikoni, nakuomba. Nimekataa.

Inspekta ameingia, kijana mdogo, pua imeungua na jua. Akauliza kwa Kiswahili chake nafanya nini hapa. Nikasema: nangoja.

Akauliza kama sijui amri. Nikasema naijua, Bwana. Nangoja chakula changu.

Amedai pasibuku. Nimeiweka mezani, kando ya sahani tupu. Ameichukua, ametoka nayo kwenye gari, anasoma jina langu kwenye redio. Namsikia kutoka hapa, analirudia mara mbili. Warsame ameshika mlango wa jikoni wazi, ananionyesha kwa kidevu. Kuna njia, nikitaka.

Nimemwuliza Dhahabo kama iko tayari. Hakugeuka. Amesema upande mmoja bado.

Basi nangoja.