Kadi ya Tamima Dirishani

Maha, shoga, acha unalofanya! Tumetoka Wambaa sasa hivi na Tamima katuadhiri!

Si unazijua kadi zake, zile anazotoboa karatasi kwa sindano mpaka maua yakavimba? Leo kampelekea mama mkwe wake mtarajiwa, Bi Mwanakhamis. Kumbe kachukua karatasi aliyokuwa akijifunzia kutoboa herufi, maneno yamejificha katikati ya maua!

Bi Mwanakhamis kayapapasa maua, kasifu weee. Halafu kainyanyua kadi dirishani aione vizuri. Mwanga ukapenya vitoboni. Akasoma, mbele ya wageni wote: "BI MCHOYO."

Bi Mchoyo, Maha, lile jina Tamima alilompachika kwa siri! Kwa sauti!

Tamima anaiona posa yake inayeyuka. Mie nimejiziba mdomo kwa mtandio.

"Niletee sindano," Bi Mwanakhamis akasema.

Nikajua kadi inachanwa. Wapi! Kavaa miwani, katoboa taratibu chini ya yale maneno, kisha kampa Tamima aisome mwenyewe dirishani.

"NA MKWEWE MVIVU."

Tamima kasoma kwa sauti. Bi Mwanakhamis kacheka mpaka miwani ikamdondoka: "Haya, tushajuana. Sasa tupangeni harusi."