Daktari wa Mpunga

Mbeya, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Natumaini hamjambo hapo Igowole na goti la mama halisumbui sana kwa baridi hiyo. Mimi mzima, ukiacha mafua ya mvua hizi. Kwa kuwa simu na masikio yako havipatani, barua hii naituma kwa basi mpaka dukani kwa Frida, Nyololo, akufikishie kama siku zote.

Baba, unajua kazi yangu kwa Wakili Anyitike. Upande wa pili wakileta shahidi mtaalamu, mimi ndiye ninayempekua: amesoma wapi, amefanya kazi wapi, kwenye kesi nyingine alisema nini. Wengi ni watu wa maana. Huyu wa sasa nashindwa kumtaja bila kucheka.

Mteja wetu ni Mbuke, mjane wa jamii ya wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini. Tajiri mmoja wa Ubaruku, Lutengano, amemshtaki kwamba ng'ombe wake wamemmalizia mpunga, na akishinda kundi lote linachukuliwa. Mbuke anasema mpunga ulikauka baada ya Lutengano kupulizia dawa ya magugu isiyostahili. "Ng'ombe akila mpunga anaukata," aliniambia. "Haukaushi ukiwa umesimama." Mimi sikusoma kilimo, lakini hilo nalielewa.

Asiyelielewa ni mtaalamu wao, Dokta Ambrosi. Tulipokwenda shambani alikuja na viatu vyeupe na kalamu nne mfukoni. Alishika bua la mpunga kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya aliyekufa, akatangaza: "Hapa wamepita ng'ombe." Udokta wake ni wa chuo cha ng'ambo, nilipopiga namba ya chuo hicho ilipokelewa na muuza vipuri vya magari.

Anadai alikuwa bwana shamba hapo Igowole kwa miaka sita, 1990 hadi 1996. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu mkuu. Unamkumbuka?

Msalimie sana mama.

Mwanao,
Faustina


Igowole, 9 Machi 2024

Mwanangu Faustina,

Marahaba, mama. Sisi wazima. Goti la mama yako limepoa, sasa linalomuuma ni kwamba huji. Pole kwa mafua.

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote nimecheka peke yangu kama kichaa. Ambrosi! Dokta! Huyo alikaa hapa miezi minane, mama, na hakuwa bwana shamba. Alikuwa msaidizi wa bwana shamba, kwa mafunzo ya miezi mitatu, na katika hiyo mitatu nadhani mmoja aliugua. Aliwaambia wazazi wapande mahindi karibu karibu ili "yapeane joto". Mwaka ule tulivuna majani. Mbegu za serikali alizoletewa agawe bure, alimuuzia nusu mtu wa Makambako. Nusu nyingine alizihifadhi vibaya zikaoza.

Alikuwa na suti moja ya kahawia, akiivaa hata kwenye kuchimba mashimo ya miche. Yaani hachimbi, anaonyesha kwa kidole.

Kuondoka kwake ni habari ndefu. Aliondoka tu, tukapumua.

Mwambie wakili wako asihangaike. Mtu huyo ukimpa jembe atakuuliza linawashwa wapi.

Baba yako,
Sosthenes Luvanda


Mbeya, 15 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, namshukuru Mungu. Nyie je?

Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini. Wakili Anyitike, ambaye sijawahi kumwona akicheka mchana, ameegemea kabati akicheka mpaka akavua miwani. Baada ya hapo akasema jambo la kweli: maneno ya barua hayatoshi, lazima uyaseme mahakamani kwa kiapo. Kati ya viongozi wa wakati ule, wewe ndiwe pekee uliye hai unayejua kwamba Ambrosi hakukaa Igowole miaka sita.

Nimefurahi kiasi ambacho sikuambii. Kwa mara ya kwanza kazi yangu na wewe vimekutana. Nimewaambia wenzangu: "Baba yangu ni mtu ambaye hata mahudhurio ya shule hakuwahi kuyaongeza mtoto mmoja."

Tumeomba nakala za vyeti na barua zote alizoambatanisha. Zikifika nitazipitia. Nijibu upesi, nikuandalie nauli na mahali pa kulala.

Mwanao,
Faustina


Mbeya, 11 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo.

Pasaka imepita na hukujibu. Nilidhani unaumwa. Frida akaniambia ulipita dukani kwake Jumatano kununua sukari, mzima kabisa, na ukasema huna barua ya kutuma.

Nakala za Ambrosi zimefika. Vyeti ni takataka kama nilivyotegemea. Lakini mahakama zinamwamini kwa sababu ya barua moja ya mwaka 1996, yenye mhuri wa shule. Inasema alihudumu miaka sita, kwa bidii, uaminifu na "ujuzi wa hali ya juu wa mazao yote". Kila kazi aliyopata baadaye, barua hiyo ipo ndani.

Nilikuwa nimeanza kuandika ripoti yangu kwa wakili. Niliandika hivi: "Aliyesaini barua hii ama ni mjinga ama alinunuliwa." Niliandika kabla sijafika chini ya ukurasa.

Saini yako naijua. Ipo kwenye ripoti zangu zote za shule.

Sikuifuta sentensi ile. Nilimpelekea wakili ripoti kama ilivyo, nikamwambia kwamba saini ni ya baba yangu. Hakucheka.

Mbuke alikuja ofisini jana kuuliza kama mzee wa Igowole amekubali. Nilimwambia sijui. Ni kweli, sikujui.

Faustina


Igowole, 16 Aprili 2024

Mwanangu,

Sikuulizi hali yako, maana najua nimeiharibu.

Nitakwambia ilivyokuwa. Wazazi walipogundua habari ya mbegu walitaka kumpiga. Mimi nikaandika wilayani. Nikaandika tena. Hakuna aliyejibu. Jioni moja Ambrosi akaja nyumbani na suti yake akaniambia, "Mwalimu, kwa namna hii hawanihamishi hata baada ya mwaka. Niandikie barua nzuri, kesho sipo." Aliisema mwenyewe ile miaka sita. Mimi nikaandika. Hakuninunua, mama. Ingekuwa afadhali, ningekuwa na cha kumrudishia.

Maneno ya "ujuzi wa hali ya juu" ni yangu mwenyewe. Niliyatunga kwa dharau, nikijua atakayeyasoma akimwona Ambrosi atacheka. Nilijiona mjanja sana. Nilirudi chumbani nikamwambia mama yako, "Tumemwondoa," tukacheka mpaka usingizi ukatuchukua. Niliwafikiria watu wa Igowole. Watu wa huko anakokwenda sikuwafikiria hata kwa dakika moja.

Uliponiuliza mwezi wa tatu niliikumbuka barua ile papo hapo. Nilikuandikia vichekesho ili usiulize zaidi. Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko hata saini.

Mama yako nimemsomea barua yako. Amesema, "Ameandika sawasawa," akaingia jikoni.

Mwambie wakili nitakuja. Nitasema vyote. Nauli ninayo.

Sosthenes


Igowole, 30 Mei 2024

Mwanangu Faustina,

Natumaini u mzima. Nimefika salama, mama yako anakusalimu.

Juzi mahakamani sikukuona. Nilitazama kwenye mabenchi yote. Wakili Anyitike alisema una kazi nyingine, nami sikumuuliza ni kazi gani. Kwa kuwa hukuwemo, nakuandikia ilivyokuwa, ijapokuwa najua utaisoma kwenye mafaili.

Ambrosi alinikuta nje kabla hatujaingia. Amenenepa. Kalamu ni nne kama ulivyosema. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema mbele ya watu, "Huyu ndiye mwalimu wangu, bila huyu nisingefika hapa!" Alinishukuru, Faustina. Alidhani nimekuja kumtetea. Matusi yote niliyowahi kupewa hayajafikia shukrani ile.

Wakili wa Lutengano, kijana aitwaye Fred, ndiye aliyeniuliza maswali. Kwa ajili ya masikio yangu ilibidi apige kelele, na nadhani hata barabarani walisikia.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulichoandika ni kweli?"

"Ni uongo. Alikaa miezi minane. Kilimo hakijui."

"Kwa hiyo wewe mzee ni mwongo!"

"Siku ile nilikuwa mwongo."

"Una ndugu anayefanya kazi kwa wakili wa mdaiwa?"

"Ninaye binti."

Watu wakaguna. Fred akageuka huku akitabasamu, kana kwamba amenikamata naiba kuku. "Yeye ndiye aliyekutuma kuja kusema haya?"

Nikamwambia, "Tangu Pasaka ameniandikia barua moja tu, na humo anasema mimi ni mjinga au nimenunuliwa. Hanitumi hata dukani."

Jaji aliinamisha kichwa akaandika kwa muda mrefu. Ambrosi alikuwa akifunga na kufungua kalamu. Kule nyuma Mbuke alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, ananitazama tu. Tulipotoka sikuweza kumsogelea. Nilikwenda moja kwa moja stendi.

Huna haja ya kujibu.

Baba yako


Mbeya, 8 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama anaendeleaje?

Kazi nyingine sikuwa nayo. Nilikuwa kwenye korido, nyuma ya mlango, na Fred alivyokuwa akipiga kelele nilisikia kila neno. Nilitaka kuingia. Nilikuwa bado nakudharau, na nilikuwa naogopa kwamba nikikuona umesimama pale na koti la kanisani nitaacha.

Hukumu ilisomwa Ijumaa ya mwisho ya Juni. Ushahidi wa Ambrosi umetupwa wote na kesi ya Lutengano imeanguka. Kuhusu wewe jaji amesema hivi: "Mahakama haimsifu shahidi huyu, lakini inamwamini." Mbuke aliniomba niyarudie maneno hayo mara mbili. Halafu akasema, "Mwambie mzee ng'ombe wapo," akaondoka kuwahi kuwanywesha.

Ambrosi alitoka akisema na simu. Nilimsikia akimweleza mtu kwamba Alhamisi hawezi, ana kesi mkoa mwingine. Hakuna aibu ndani ya mtu yule, baba, ukimpasua utakuta kalamu.

Ila si kwa ajili yake ninaandika. Baada ya hukumu nimepekua mafaili ya zamani. Amewahi kutoa ushahidi kwenye kesi tatu nyingine, na mara zote barua yako ilikuwemo. Katika moja, mwaka 2017, alisema dawa ya mkulima mmoja wa Chimala, Yotamu, ndiyo iliyoua bustani ya jirani yake. Yotamu alipoteza shamba. Nimemfuata. Sasa anafagia pumba kwenye mashine ya mpunga Ubaruku, na anakohoa.

Wakili Anyitike anasema kuna njia ya kuomba kesi ile itazamwe upya, ingawa muda umepita na hakuna uhakika. Nilimweleza Yotamu. Alinisikiliza huku amesimamia ufagio, kisha akauliza, "Aliyeandika barua ile ni nani?"

Nikamwambia, "Ni baba yangu."

Akafagia kidogo. Akasema, "Anazijua habari zangu?"

"Hazijui."

"Basi mwambie."

Ndiyo maana nimekuandikia. Kesi mbili zilizobaki nitakutumia majina nikiyapata. Mmoja nasikia amekufa.

Sikuombi chochote. Nimekwambia.

Mwanao,
Faustina


Nyololo, 13 Julai 2024

Mwanangu Faustina,

Kamwene, mama. Mama yako hajambo, amenifungia viazi na kuniambia nisirudi kabla sijamaliza.

Barua yako nimeipata jana. Hii naiandikia hapa kwa Frida, juu ya gunia la unga, nikisubiri basi linaloelekea huko. Nitashukia njia panda ya Ubaruku na kuuliza mashine hiyo ilipo. Kiapo cha mahakama mwambie wakili akiandae, nitakisaini nikifika Mbeya.

Kwa Yotamu usije. Ukiwepo atanionea haya kwa ajili yako, atashindwa kusema anachotaka kuniambia. Nataka aseme chote. Na kwa masikio haya, itabidi akiseme kwa nguvu.

Hayo majina mengine mawili nitafutie, hata la huyo aliyekufa. Ana watoto.

Basi limefika.

Baba yako