Fomu ya Mama Chelangat

Jumatatu, 3 Machi

Mama Chelangat amefika jimu saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Sketi juu ya suruali ya mazoezi, mkoba begani. Wiki ya tatu ya mazoezi sasa. Magoti bado yanamsumbua, miaka mingi ya kuchuma chai kwenye miteremko. Nimemwambia kesho kutwa tutapanda hadi kituo cha kupimia majani ya chai, na asile chochote kabla. Sisi wakimbiaji wa Kapsoit tumekuzwa hivyo: alfajiri, tumbo tupu, chai baadaye. Akaitikia tu. Habishani na mimi. Napenda wateja wa aina hiyo.

Fomu yake ya afya niliijaza mwenyewe siku ya kwanza. Maswali saba. Moyo, presha, sukari, dawa, hata mimba. Nimuulize mama wa rika la mama yangu mambo ya mwili wake, uso kwa uso? Niliona haya. Nikaandika "No" mara saba. Ni ya Kiingereza, akatia sahihi bila kusoma.

Jumatano, 5 Machi

Ameanguka.

Hatua chache kabla ya kituo. Anatetemeka, jasho baridi, maneno hayashikani. Nilidhani ni uchovu. Nikamwambia, "Simama Mama, tembea, usikae." Nilimwambia mara mbili. Ndivyo nilivyofundishwa kwenye mbio.

Mchuma chai mmoja aliweka kikapu chini, akanisukuma kando. Alihakikisha anaweza kumeza, kisha akamnywesha chai yenye sukari nyingi kutoka kwa thamosi yake, kidogo kidogo. Mchuma huyo mume wake ana ugonjwa wa sukari, kwa hiyo dalili anazijua. Mimi mwenye cheti ukutani nilishika mkoba.

Hospitalini wamesema alimeza dawa ya sukari asubuhi bila kula. Atapona. Sikuweza kumwangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Koech, mwenye jimu, ameitisha fomu. Akaisoma, akatikisa kichwa. "Huyu mama alitudanganya." Binti wa Mama Chelangat alikuwa amekaa hapo hapo. Akasema mama yake amezoea kuficha ugonjwa, na akifika nyumbani watazungumza.

Nilinyamaza. Mwandiko ni wangu na hakuna aliyeuangalia. Nilifurahi, labda dakika moja. Najichukia kwa hiyo dakika.

Ijumaa, 7 Machi

Wateja wanne. Nimewahesabia marudio vibaya wote. Nikifungua mdomo nasikia "Simama Mama."

Nimetoa fomu zote kwa droo. Kumi na moja nilizijaza mwenyewe. Zote za wazee.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Koech. Amenisimamisha kazi wiki mbili, na ni haki yangu. Halafu nikampigia binti. Nikamweleza kuwa ni mimi niliyeijaza fomu.

"Nilimgombeza mama yangu kwa sababu yako," akasema. Akakata.

Aibu nyingine haina pa kuiweka. Nimezunguka nayo siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimeenda kwake. Tulikaa jikoni. Alinimiminia chai kwanza, kisha yake, bila sukari. Niliomba msamaha nikiangalia kikombe. Nikamweleza ya fomu, yote, na mwishowe nikamuuliza kwa nini hakuniambia ana sukari.

Akavuta ule mkoba. Akatoa kitabu cha kliniki ya sukari, kimefungwa kwa leso.

"Nilikuwa nakuja nacho kila siku, kocha. Nilikuwa nangoja uniulize."

Ndio mkoba nilioushika pale alipoanguka.

Nilikuwa nimebeba fomu mpya. Swali la kwanza nililisoma nikiangalia karatasi, akasogeza kiti karibu. Lile la mimba alicheka hadi akajifuta macho. Mengine alijibu polepole, na mimi nikaandika. Nafasi haikutosha. Nikageuza karatasi, nikaendelea upande wa pili.