Hewa Iliyokurudia kwa Haraka

Njuguna, mtu wa rika langu,

Mimi ndiye mzee pekee hapa Waithaka anayejua kilichokuua, na nilikigundua kwa akili yangu mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Haya, acha kucheka huko uliko. Niliambiwa na daktari. Tena aliniambia mara tatu, na mara ya tatu akanichorea moyo nyuma ya karatasi, ukafanana na kiazi. Mimi niliishia darasa la nne na wewe la tatu, kwa hivyo usinidharau.

Tangu tukuzike, mambo yako hapa dukani si mazuri. Gunia la mwisho la makaa ulilolishona wewe, lile la pembeni, bado lina joto. Ni mwezi wa tatu sasa. Nimelimwagia maji, nimelipindua, nimeliacha nje likanyeshewa. Halitoi moshi, haliwaki, lakini nikiweka kiganja nasikia kama ubavu wa mtu aliyelala. Wateja wakilitaka nawaambia limeshauzwa. Na juzi, saa sita mchana, jua utosini, nimeketi peke yangu na ubao wetu wa drafti, nikaona kete yako moja imesogea. Tena imesogea vibaya, vile vile ulivyokuwa ukicheza. Hapo ndipo nikaamini ni wewe.

Sasa sikia habari ya moyo wako. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba waliokuua ni madaktari. Si walikuzibua mshipa wakatoka kutuambia damu inapita vizuri, tukapiga makofi pale kwenye korido kama watu wa harusi? Halafu kesho yake asubuhi ukaenda zako. Mtu anazibuliwa vipi halafu anakufa? Nikarudi kumuuliza yule daktari msichana aliyekuhudumia. Akaniita guka, yaani babu, akaniketisha.

Akasema ndani ya nyama ya moyo kuna majiko madogo sana, mengi kuliko punje za unga kwenye gunia. Yanaitwa mitokondria, hilo jina nimelifanyia mazoezi kanisani wakati wa mahubiri. Majiko hayo huchoma chakula kwa hewa inayoletwa na damu. Mshipa ukiziba, hewa inakosekana, lakini majiko hayafi mara moja. Yanakaa na kuni zimejaa mdomoni, yanangoja. Damu ikirudi, hewa inaingia yote kwa pamoja, zile kuni zinalipuka, na cheche zinatoboa kuta za jiko lenyewe. Zinachoma hata nyama iliyokuwa imesalimika.

 Njuguna, lile ni tanuri! Ni lile tanuri letu la makaa ya miti ya miwati kule bondeni, tulipokuwa vijana bila akili. Unakumbuka ulivyofukua udongo kabla halijapoa, eti unataka tu kuchungulia? Makaa yalikuwa yamelala, meusi, yamenyamaza. Hewa ilipoingia yakavuta pumzi. Niliisikia kwa masikio yangu, kama mtu anayeamka. Halafu yote yakawaka, ukapoteza nyusi zote mbili. Nilicheka wiki nzima. Sikujua kwamba tulikuwa tunaonyeshwa kifo chako.

Nikamwambia daktari, basi si mngemwacha amezibwa! Akatikisa kichwa. "Guka, tungemwacha hivyo moyo wote ungekufa. Kufungua ni lazima. Shida ni zile saa alizokaa amefungwa. Kwani alianza kuumwa saa ngapi?"

Nikasema sijui.

Najua. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Ulishika kifua, jasho likakutoka, nami nikakwambia, "Hiyo ni gesi ya maharagwe, wacha kujidekeza, cheza." Nikakukorogea maji ya magadi. Ukanywa, kwa sababu aliyekupa ni mimi. Tukacheza mpaka saa tisa. Saa tisa, Njuguna. Na nilikuwa nashinda.

Sijamwambia mtu. Hata mkeo, ambaye bado ananiletea bakuli la githeri, mahindi na maharagwe, kila Ijumaa na kunishukuru eti sikukuacha peke yako.

Sasa cheka vizuri: hata mimi kifua kimeanza. Nikipanda kile kilima cha kutoka stendi kinanikaba, nikisimama kinaniachilia. Daktari amenipima. Anasema mshipa wangu umekuwa mwembamba lakini haujaziba, na ukipanuliwa mapema, majiko yangu hayatapata ule mshtuko ulioyapata yako. Wiki mbili zilizopita nilifika Westlands mpaka kwenye lango la hospitali, nikasikia moshi wa miwati. Ghorofa za vioo kila upande, hakuna hata jiko moja, na moshi ule unaniingia puani. Nikageuka, nikarudi nyumbani. Watoto nikawaambia daktari hakuwepo.

Wamenipa siku nyingine, Jumanne asubuhi. Nitaingia, hiyo ni ahadi. Na Jumatatu nitakwenda kwa mkeo nimwambie habari ya magadi, hata akinimwagia hiyo githeri kichwani. Sitaki kulala kwenye ile meza ya madaktari nikiwa nimefunga kitu kama hicho ndani yangu.

Lala salama, mzee. Nimekukosa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkosa mchezaji mbaya namna hiyo.

Ila una deni langu moja la fadhila. Siku ulipopeleka mahari, nilisimama kwenye lango la wakwe zako kutwa nzima, bila chakula, nikimzuia yule msichana wako wa zamani asiingie kupiga kelele. Hukuwahi kunirudishia. Nirudishie Jumanne. Simama mlangoni pale hospitalini, mgongo ukiwa upande wangu, na yeyote ambaye hakualikwa asipite. Wewe pia usiingie. Na tafadhali, Njuguna, usiniite jina langu. Unajua mimi nikisikia sauti yako huitika kabla sijafikiri.