Gari Linalokosa Nguvu Njia ya Poli

Jumamosi, 4 Julai 1998
Limefanya tena. Gia ya pili, njia ya Poli kwenda kwa Mama, kona ya juu ya kanisa, nakanyaga mafuta — hakuna kitu. Likakohoa, likazima. Nikaligeuza lielekee chini, likawaka palepale, kama halijaugua kamwe! Nimeliacha kanisani na kumalizia kwa miguu, begi la bandeji mkononi. Kidonda cha Mama kimepungua kidogo, ila sukari iko juu. Mguu ule lazima niusafishe kila wiki. Kuhamia kwetu Njiro hataki — migomba yake atamwachia nani?

Jumapili, 5 Julai
Baada ya misa mume wangu, Baba Hans, kalizungusha Njiro nzima. Halina neno. Anasema gari linamjua dereva wake, na mguu wangu ni mzito. Nimenuna mpaka chakula cha jioni.

Jumatano, 8 Julai
Kwa fundi Melkizedeki, mtaa wa Kwa Mrombo. Katoa plagi, kasafisha, karudisha. Filta kaipuliza kwa mdomo. Kalijaribu kwenye tambarare — safi. Anasema hizi za injeksheni zina kompyuta, zinasumbua. Nikitaka amani aing'oe yote aniwekee kabureta ya kizamani. Nimesema asante, bado.

Jumamosi, 11 Julai
Limepanda mpaka uani kwa Mama! Bila kukohoa hata mara moja. Nikapiga honi kwa furaha, kuku wakatawanyika. Nimerudi na mikungu miwili ya ndizi. Baba Hans: umeona, sasa umejifunza kuendesha. Sijabadilisha chochote.

Jumamosi, 18 Julai
Limezima. Kona ileile. Safari hii likarudi nyuma kabla sijawahi breki ya mkono, nusura nimgonge mzee na ng'ombe wake.
Baba Hans kachukua ufunguo. Anasema nitaupata nikimwonyesha kwamba tatizo si mimi. Vinginevyo Mama ahudumiwe na watu wa hukohuko. Watu gani? Jirani yake Evaresta haoni hata sindano.

Jumatatu, 20 Julai
Kazini, maabara ilikuwa kimya mchana. Nikachora jedwali, kama tunavyofanya kwa sampuli inayotoa jibu hili leo na lile kesho. Tarehe, baridi, mzigo, mafuta.
Baridi hapana, ukungu ulikuwepo Jumamosi zote tatu. Mzigo hapana, nilipanda na begi lilelile. Mafuta — hapo! Tarehe 11 tangi lilikuwa zaidi ya nusu, maana siku moja kabla Baba Hans alilijaza kwenda msibani Rombo. Siku nyingine zote mshale umelala chini kabisa. Yeye hutia lita tano, basi. Enzi za uhaba wezi walimnyonyea mafuta ya tangi zima kwa mpira, na tangu hapo haachi mafuta garini. Uhaba umekwisha, vituo vya mafuta vimeota kila kona, na yeye bado anawaogopa wale wezi.

Jumanne, 21 Julai
Nimempitia Melkizedeki. Pampu ya mafuta iko wapi? Ndani ya tangi, upande wa mbele. Nikaomba soda yake, imebaki kidogo, na mrija. Nikainamisha chupa kama gari linapopanda mlima, soda ikakimbilia nyuma. Mrija ukafyonza hewa. Kaitazama chupa, kacheka mpaka kakaa kwenye tairi. "Mama Hans, kumbe linakufa kiu!" Kabureta hakuitaja tena.

Ijumaa, 24 Julai
Nimemweleza Baba Hans. Jedwali, chupa, mrija, vyote mezani. Hakutaka hata kuishika chupa. Mafuta ni mafuta, kasema, yawe lita tano au hamsini. Kesho anaendesha mwenyewe. Likipanda, ufunguo ni wake moja kwa moja.

Jumamosi, 25 Julai
Naandika nimekaa ukingoni mwa barabara, kona ya juu ya kanisa.
Pale Tengeru kijana wa kituo aliuliza, tujaze? Lita tano, kasema Baba Hans, huku ananitazama mimi.
Limezima palepale. Kakanyaga, kakanyaga, kapiga usukani. Wanakwaya waliokuwa mazoezini wametoka wote kuangalia. Ukweni kwake! Aminiel, mwalimu wa kwaya, kamsogelea kwa adabu: "Shikamoo shemeji. Gari lina nini?"
"Dada yenu ameliharibu."
Ndivyo alivyosema. Mbele ya watu walionibeba mgongoni. Wanaume sita wakanigeukia, kisha wakainamisha macho, wakaanza kusukuma.
Wanasukuma kuelekea juu, yeye kwenye usukani. Hatua kumi, wanaweka mawe nyuma ya magurudumu, wanapumzika. Aminiel analowa jasho na baridi yote hii. Nina hasira. Tena nina raha, Mungu anisamehe.
Mama katoka mpaka njiani. Namwona kule juu na fimbo yake, mguu mbaya kaunyanyua. Bandeji ya wiki iliyopita imeshalegea.
Kwenye buti, chini ya kanga yangu, kuna dumu la mafuta, lita kumi. Nililijaza jana jioni.
Wameondoa mawe tena. Wanahesabu, moja, mbili — sijasema bado.