Wakili wangu alibaki chini ya ngazi

Chabani, natoka tribunali sasa hivi.

Unamujua Soumaya, wakili wangu, ule wa kiti cha magurudumu? Wametupangia chumba cha juu. Ngazi tu! Akabaki chini, mi nikapanda kumuambia jaji.

Kufika juu, wakili wa ule mutu mwenye anataka parseli yangu, kile kiwanja cha Kanyosha, ameisha simama: "Mheshimiwa, wakili wao hakufika. Tupeni ushindi."

Hakufika! Na alimupita Soumaya pale kwenye ngazi, akamusalimia kabisa kwa cheo cha wakili: "Bonjour, Maître"! Hakufika!

Nikapiga kelele: "Yuko chini, na huyu anajua!"

Jaji akafunga fayili: "Hakuna ushindi wa bure. Tushuke wote."

Tukasikilizwa uwanjani, juani. Jaji akaletewa kiti. Soumaya anacho chake. Yule wakili mwingine akasimama na robe yake nyeusi ya uwakili, jasho mpaka kwenye kola.

Nikamunongoneza Soumaya: "Mama, soma yote, usiharakishe."

Akasoma kurasa kumi na nne za utetezi wetu, Chabani. Kumi na nne!

Yule wa robe akanigeukia: "Mzee, hakuna kiti kingine?"

Nikamuambia: "Apana, Maître. Huku kila mutu anakuja na chake."