Nilimwandikia Kelele, Kumbe Aliogopa Kimya

Jumanne, tarehe 14 Juni

Kwa Shangazi wa Ukurasa wa Tisa,

Shangazi mpendwa, nakuandikia nikiwa na haya mpaka kwenye vidole, naomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, elimu yangu iliishia shule ya msingi, na tangu mume wangu afariki miaka miwili iliyopita nimejigundulia kipaji cha uandishi, kipaji ambacho hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekiona, na laiti ningewaamini hao wengine. Niliandika mchezo wa redio, wakaupokea, nikatembea mtaani wiki nzima nikisalimia hata watu nisiowajua.

Mchezo unahusu mtu aliyenusurika ajali ya kiwandani, na hapo nilijiona mtaalamu, maana marehemu na mdogo wake, yaani shemeji yangu, walifukuliwa wote wawili kwenye kifusi siku ukuta wa kiwanda cha unga ulipoanguka, wakatoka wazima, na marehemu akaishi miaka minne zaidi mpaka figo zilipomshinda. Mtu wangu wa redioni nikamwita Baruti. Bati likianguka, Baruti anapiga mayowe. Mlango ukibamizwa, anatupa sahani. Sehemu ya nne akamrushia bosi wake spana, na mpaka leo sijui aliitoa wapi, maana nilikuwa nimemwandika mpishi. Mwongozaji wa mchezo akafurahi, akasema, "Mama, ongeza moto." Nikaongeza. Sare za watoto wa watu zilichelewa kwa ajili ya moto huo.

Sasa Shangazi, shemeji yangu siku hizi anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, upande wa tanuri, na wenzake wanasikiliza mchezo wakati wa mapumziko, na wanajua alinusurika wapi na anayeandika ni nani, basi wakaanza kumwita Baruti, kwanza kwa utani, "Baruti, nipe chumvi, lakini usinirushie," naye akacheka nao, kisha mmoja akakataa kupangwa naye zamu moja, na wiki iliyopita msimamizi akamwambia akapumzike nyumbani "mpaka utulie." Mtu ambaye hajawahi kupandisha sauti hata kwa mbu!

Alikuja kwangu Jumapili mchana, akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akaniuliza, "Shemeji, mimi nimewahi kukutupia sahani?"

"Hujawahi."

"Hata kikombe?"

"Hata kijiko, shemeji."

"Basi ungeniacha nitupe moja kwanza, nifukuzwe kwa haki."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikaanza kujitetea, nikamwambia kila mtu anajua kwamba aliyepata mshtuko huogopa kelele. Akanitazama kama unavyotazama suruali iliyoshonwa nyuma mbele. Akasema, "Nani alikwambia kaka aliogopa kelele? Kelele zilikuwa rafiki zetu. Sisi tunaogopa kimya." Ndipo akanisimulia jambo ambalo hawakuwahi kunisimulia, kwamba siku ile mashine zote zilisimama ghafla, kukawa kimya kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara mbili, mume wangu akasema, "Afadhali, masikio yapumzike," na hapo hapo ukuta ukaja. "Hayo nimekuambia wewe," shemeji akamaliza. "Sijaiambia redio."

Shangazi, baada ya ajali ile niliishi na mume wangu miaka minne, nikiwa na macho mawili yanayotunga uzi kwenye sindano bila miwani. Umeme ukikatika, alichukua viatu mkononi akatoka nje, na akirudi anasema alikwenda kuangalia kama kwa jirani nako umekatika. Nilimtania mbele ya watu, "Umeme ukikatika unaufuata wapi, baba?" Watu wakacheka, naye akacheka. Alipenda kukaa karibu na cherehani yangu, na nikisimama kutunga uzi, yeye huyo anainua kichwa: "Umemaliza?" Nikaona ananiharakisha. "Kama una haraka, shona wewe!" Nilimjibu hivyo, na si mara moja tu. Lakini alikula vizuri, alilala vizuri, alikumbuka kumnunulia mama yangu miwani, sasa mimi ningejuaje? Siku hizi nyumba ikiwa kimya nakanyaga cherehani bila kitambaa, nashona hewa, na kwa ninavyojijua, hata hewa yenyewe nimeipinda.

Zimebaki sehemu tatu. Ya mwisho nimeshaiandika: mvua inanyesha, Baruti analia kifuani kwa mkewe dakika mbili, anapona. Dakika mbili! Pindo la sketi moja linanichukua zaidi. Nataka kubadilisha, lakini nikiandika ukweli nitakuwa nimeitangaza siri ya shemeji, na nikiacha ilivyo atabaki Baruti mpaka azeeke. Mwongozaji nilipomgusia habari ya kimya, akasema, "Mama, redioni kimya maana yake mtambo umekufa." Nifanyeje?

Ni mimi,
Mshona Hewa

SHANGAZI ANAJIBU

Pole kwa msiba, mwanangu. Pole nimeshakupa, sasa kaa vizuri. Barua yako sitaichapa gazetini, siri ya shemeji yako isije ikatokea kwangu; jibu hili nakutumia wewe peke yako.

Ulikuwa na mtungi umejaa maji ndani, ukatoka kwenda kuazima kikombe kwa jirani, tena cha maji machafu. Mtu alikaa nawe miaka minne kando ya cherehani, na ulipotaka kumwandika ukamsikiliza mwongozaji. Shemeji yako yu hai, tena mlango wako anaujua, na hukwenda hata kumwuliza, "Hivi ikoje?" Ulijua sare hupimwa mwilini mwa mtoto, lakini mateso ya mtu ukayakata kwa kukisia.

Aliyeumia ndani hatembei na tangazo kifuani. Wapo wanaopiga mayowe, ni kweli, usije sasa ukawafuta hao. Lakini wengi huchagua kiti cha karibu na mlango, hucheka pamoja na wanaowacheka, na huwa na visingizio vizuri sana. Ndiyo maana hukujua. Na kwa hilo acha kujichapa: hukuambiwa. Ila tazama, alikuwa na vyumba vingine vya kukaa, akachagua pale unaposhonea. Mtu hukaa anapopata nafuu, hata kama anayempa nafuu ana mdomo mkali.

Sasa sikiliza. Ukuta ni wa shemeji yako. Usiuguse, hata ukitaka kugeuza kiwanda cha unga kiwe cha sabuni. Lakini "Umemaliza?" uliulizwa wewe, nyumbani kwako, na jibu baya lilitoka kinywani mwako. Hilo ni lako, liandike. Acha kifusi, andika nyumba. Mwongozaji naye asikutishe na mtambo wake. Cherehani iende, isimame, mwanamume aulize, mwanamke amjibu ovyo, iendelee tena. Kimya chenyewe hakifiki hata sekunde tano, na kila mwenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani atakisikia. Na ile mvua iondoe. Hakuna aliyepona kwa kulowa. Mpeleke Baruti hospitali, apewe miadi, aikimbie ya kwanza, aende ya pili. Hapo nitakuamini. Kabla ya kurekodi, msomee shemeji kila neno; atakalosema ukate, kata, wala usimweleze habari za kipaji.

Lakini sanaa ingoje, kazi ya mtu kwanza. Redio watangaze kabla ya sehemu inayofuata kwamba Baruti ni mtu wa kubuni, na wewe ndiye uliyembuni, na spana yake. Kisha muulize shemeji kama anataka umsindikize kazini. Umuulize, usimwamulie. Akikubali, nendeni asubuhi ofisi zikifunguliwa, kwa mkuu wa kiwanda, si kwa huyo msimamizi. Mpe mkononi barua uliyoandika kwamba Baruti si shemeji yako. Mwambie umekosea, bila kulia na bila hadithi ndefu. Muulize ni kosa gani la shemeji lililoandikwa kwenye faili lake, kisha nyamaza mpaka ajibu.

Jambo la mwisho, na hili ni amri. Anayekanyaga cherehani isiyo na kitambaa anahitaji mtu wa kuzungumza naye, na mtu huyo si mimi, mimi nina nusu ukurasa tu. Hospitali kuu ina kitengo cha afya ya akili. Nendeni wewe na shemeji, kila mmoja na kadi yake.

Na huko kiwandani, wakianza kuwazungusha, waambieni Shangazi wa Ukurasa wa Tisa hununua mikate yao miwili kila siku na anajua pia kuacha kuinunua. Msione haya kunitaja. Mkiwa mlangoni pale, kumbukeni kwamba niko upande wenu.